Kizuri Chajiuza, Lakini Hakijifungashi

Barua ya wazi kwa wachoraji na wauzaji wa picha wa Dar es Salaam, Bagamoyo, Arusha na Unguja

Ndugu zangu wa brashi, na ninyi wa vibandani,

Wengi wenu mnaijua sauti ya msumeno wangu kuliko sura yangu. Mimi ni fundi fremu. Nina zaidi ya miaka ishirini nakata mbao, nawamba vitambaa na kunyoosha kona zilizopinda, na kazi zenu nyingi zimepita mezani kwangu kabla ya kupanda ndege. Nyingine zimepita mara mbili, zikienda na zikirudi. Hizi zilizorudi ndizo zilizonikalisha chini niandike.

Mwaka juzi alifika mama mmoja mgeni, amekumbatia bomba la kadibodi kama aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani mlikuwa na picha ya twiga na mbuyu aliyoinunua likizo iliyotangulia, jioni ya mwisho, saa chache kabla ya ndege yake. Kijana aliyemuuzia aliing'oa kwenye mbao zake kwa koleo, akatandika gazeti juu ya rangi, akaizungusha rangi ikiwa ndani mpaka ikawa nyembamba kama mwiko wa ugali, akaifunga rababendi mbili na kumtakia safari njema. Ilishinda kwenye buti la teksi, ikalala kwenye sanduku, ikakaa kabatini kwake miezi kadhaa akitafuta fundi wa kuiwamba. Alipojaribu kuifungua mwenyewe alisikia inachanika, akaogopa, akaisubirisha hadi safari nyingine ya kuja huku.

Nikaifungua mimi, sentimita baada ya sentimita, ikitoa ule mlio wa plasta inayobanduliwa kwenye mkono wenye nywele. Mbuyu ulibaki nusu. Nusu nyingine ilikuwa imehamia kwenye gazeti. Na tumboni kwa twiga, herufi zikiwa zimegeuka kama zinavyogeuka kwenye kioo, nilisoma tangazo la mtu aliyepotelewa na hati ya kiwanja.

Akaniuliza kama inafutika. Nikamwambia ukilifuta gazeti utamfuta na twiga. Akanyamaza, kisha akauliza: "Aliyeichora alijua kwamba haijakauka?"

Sikumjibu yeye. Nawajibu ninyi: alijua. Vile vidoti vyeupe vya mgongoni mwa twiga alikuwa amevitia asubuhi ileile. Tunajua sote, na tunauza picha mbichi mchana kweupe, kama muuza embe anayeminya tunda mwenyewe ili mteja asiliminye.

Nianze hapo, kwa sababu ufungashaji wa picha hauanzi kwenye selotepu. Unaanza kwenye kopo la rangi. Rangi hii ya mafuta tunayoipenda, rangi ya milango na baiskeli, hukauka mara mbili. Mara ya kwanza thina inaruka, na baada ya saa kadhaa ukigusa kidole hakichafuki. Hapo ndipo tunaposema "imeshakauka hiyo". Lakini mafuta yaliyobaki ndani hayakauki kwa kuruka. Hukauka kwa kunywa oksijeni ya hewani, polepole, kuanzia juu kwenda chini, hivyo ngozi ya juu inatangulia kukaza wakati chini bado ni uji. Kazi hiyo ni ya wiki kadhaa. Pale mlipoweka rangi nene, kwenye madoa ya chui, macho ya samaki, vidoti vya kanga, inaweza kufika miezi. Masika yakiwa yamekolea na nguo zenyewe hazikauki kambani, ongezeni tena. Sasa ikunje picha ya namna hiyo, ikaze kwa rababendi, iweke kwenye gari lililoegeshwa juani Posta saa saba mchana. Joto linairudishia rangi ulaini wake, mkazo unaisukuma, na chochote kilicho karibu nayo kinakuwa sehemu ya picha.

Kipimo hakihitaji mtambo. Tafuteni kidoti kinene kuliko vyote, bonyezeni dole gumba na kulizungusha kidogo. Ngozi ikisogea, bado. Chukueni pamba, igandamizeni, kisha ipulizeni. Nyuzi zikibaki zimeshika, bado. Ni kazi ya sekunde kumi, na naahidi itawaudhi sana siku za mwanzo.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeupa mtindo wetu jina, hakuwa na shida yetu hii. Mtoto huyo wa Tunduru alianza kuchora mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi, vya mraba wa sentimita 60 hivi, kwa rangi hiyohiyo ya kopo. Hadibodi haikunjiki. Mteja wake mgeni pale Morogoro Stores, Oysterbay, aliibeba kwapani hadi nyumbani, na mkataba wake wa kazi ulipokwisha aliisafirisha ikiwa bapa kama ubao wa meza. Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, wakimdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu, kwa hiyo kila ubao wake uliofika salama ni sehemu ya urithi mfupi sana. Hadibodi ina maradhi yake: kona zinapondeka, na ikinywa maji kingo zinavimba kama mkate uliolowa. Lakini haijawahi kumkunja chui.

Kitambaa kilipochukua nafasi ya hadibodi kilileta neema. Picha zikawa kubwa, nyepesi, zinaingia kwenye sanduku la msafiri. Neema hiyohiyo ikatuletea uvivu. Kwa kuwa kitambaa kinakunjika, tukadhani kinapenda kukunjwa.

Basi, kama ni lazima kukunja, rangi iwe nje. Najua wengi wenu mtaguna hapo. Tumezoea kuona kwamba rangi ikiwa ndani ndiyo imefichwa salama, kama fedha kwenye pindo la kanga. Fikirini kinachoitokea. Upande wa ndani wa mkunjo ni mfupi kuliko wa nje. Rangi iliyoko ndani inabanwa, haina pa kwenda, inajikunyata na kuinuka kutoka kwenye kitambaa. Ukiifungua, pale ilipoinuka inabanduka. Rangi iliyoko nje inavutwa kidogo. Hata ikipata nyufa za unywele, picha ikinyooshwa tena nyufa zinajifunga. Mafundi wa makumbusho hukunja hivyo, rangi nje, na wao wana muda wa kufikiri kuliko sisi tunaokimbizana na teksi.

La pili ni unene wa kile unachokunjia. Tunakunja hewa. Tunaanza kwa kupinda ncha na kuzungusha, tukijisifu jinsi ilivyokuwa ndogo. Picha inatakiwa ikunjwe juu ya gogo, na gogo likiwa nene mara nne, rangi inavutwa robo tu ya vile ingevutwa. Sentimita 10 za kipenyo naziona ni za chini kabisa kwa rangi yetu, na 15 ni bora zaidi.

Magogo hayo yapo, tena yanatupwa. Nendeni Kariakoo kwenye maduka ya mazulia ya plastiki, yale yanayokatwa kwa mita. Kila zulia linapoisha linabaki gogo la kadibodi, gumu, nene, refu kuliko mtu. Wauza vitambaa vya suti nao wanayo, ingawa ya kwao ni membamba. Hayo yanafaa kwa batiki. Nimekuwa nikiyachukua kwa shukrani tu, na mara mojamoja kwa bei ya soda. Wengine hutumia bomba la maji taka la inchi nne kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Ni imara na mvua haipenyi, ila ni zito, na uzito wa safari hulipiwa. Tena picha isikae humo miaka; bomba hilo ni la safari.

Kati ya picha na picha, na juu ya ile ya mwisho, iwepo karatasi isiyoshika. Gazeti hapana: wino wake unahama, mmeshasikia habari za kiwanja. Nailoni tupu hapana: inanata kwenye rangi na kufunga jasho ndani. Karatasi ya kaki inafaa ikiwa rangi imekauka kweli. Iliyo bora kuliko zote nimeipata mahali ambapo hamtegemei, kwenye rafu za unga na hamira: karatasi ya kuokea keki. Ina mpako wa silikoni, ndiyo maana keki haiishiki, na rangi nayo haiishiki. Mke wangu aliwahi kunifungia jiko kwa sababu ya mazoea haya, lakini picha zangu zimefika.

Ile nailoni yenye vipovu vya hewa mnayoiamini kama hirizi nayo ina sharti lake. Vipovu visiguse rangi. Nimeona bahari ya Bagamoyo, kazi ya mtu mwenye mkono hasa, imefika ng'ambo ikiwa na duara ndogondogo mstari kwa mstari, kama samaki wote walikuwa wanapumua kwa wakati mmoja. Kwanza karatasi, kisha vipovu vikiwa vimetazama nje. Halafu gogo lenye picha liingie ndani ya bomba kubwa zaidi, au ndani ya boksi refu la pembe nne, likiwa limebanwa ncha zote mbili lisicheze. Mimi napendelea boksi. Kitu cha duara huviringika, na kitu kinachoviringika kwenye mikanda ya kupangia mizigo huishia mahali ambapo hakikutumwa. Mifuniko ya bomba nayo ipigwe selotepu kwa kuvuka, kwa sababu hakuna kitu cha aibu kama bomba linalofika tupu.

Kuhusu karatasi nyekundu za kuonya kwamba mzigo ni wa kuvunjika, zibandikeni kama mnapenda, nami nazibandika. Lakini mkanda wa mashine haujui kusoma, na nimewahi kumkuta mtu ameukalia mzigo wenye onyo hilo akinywa chai, onyo likiwa limetokeza katikati ya miguu yake. Fungeni kama vile hakuna atakayelisoma.

Sasa niseme jambo ambalo mwenyewe nilichelewa kulijua. Tunakunja picha tukiamini ni nafuu. Si mara zote. Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hazitozi uzito wa mizani peke yake. Hupima pia nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000, na kwenye mizigo ya kawaida ya ndege mara nyingi kwa 6,000. Jibu ni kilo, na mnalipishwa kilo zile zilizo nyingi. Chukueni picha ya sentimita 50 kwa 60. Ukiikunja ukaitia kwenye boksi la 60 kwa 15 kwa 15, nafasi yake ni kilo 2.7. Ukiiacha bapa juu ya mbao zake kwenye pakiti ya 70 kwa 60 kwa 4, ni kilo 3.36. Tofauti haifiki kilo moja! Kwa kilo hiyo isiyotimia mnamfanya mteja atafute fundi huko kwao, amlipe bei za huko kuwamba upya, au aitelekeze kabatini kama yule mama. Picha za ukubwa huo msizing'oe. Zile za mita moja kwa moja na nusu ni habari nyingine: bapa zitakula kilo nyingi za nafasi, zikikunjwa tano hivi. Hizo kunjeni.

Posta nao wana vipimo vyao, na ni vyema kuvijua kabla ya kukata gogo. Ukituma kwa njia ya kifurushi kidogo kinachokwenda na barua, mwisho ni kilo 2. Kwa mzigo wa duara, urefu ukijumlishwa na kipenyo mara mbili usizidi sentimita 104, na urefu peke yake usizidi 90. Kwa bomba la kipenyo cha 11 mnabakiwa na sentimita 82. Zaidi ya hapo mnaingia kwenye bei za vifurushi vikubwa au za haraka. Nendeni kaunta pakiti ikiwa bado wazi, na selotepu mkononi, kwa sababu mara nyingi mtatakiwa kuonyesha kilichomo. Aliyefunga nyumbani kwa ufundi wote hufunguliwa kwa wembe na kufungwa tena kwa haraka ya foleni.

Kwa picha bapa, siri ni kwamba uso usiguswe na chochote. Tengenezeni trei: ubao mwepesi wenye kingo zilizoinuka kuliko rangi, picha ikae ndani imeshikwa kwa nyuma kupitia mbao zake, kifuniko kikae juu ya kingo. Kona zivishwe kadibodi iliyokunjwa mara tatu, kwa sababu mzigo ukianguka huanguka kwa kona. Halafu utikiseni. Ukisikia kitu kinatembea ndani, hamjamaliza.

Ninyi wa karatasi, wa rangi za maji na wa chapa za lino, mna kazi rahisi zaidi na mnaiharibu kwa jambo moja: selotepu juu ya picha yenyewe. Kateni vikona vya karatasi kama vya albamu ya zamani, picha ikae humo bila gundi. Iwekeni katikati ya kadibodi mbili zinazoizidi sentimita 5 kila upande. Kadibodi hupindika kwa kufuata mifereji yake ya ndani, basi ya juu iwe na mifereji ya kusimama, ya chini ya kulala. Zikishikana hivyo hakuna upande unaopindika kirahisi. Nje ya yote nailoni moja nzito, maana safari ya kwanza ya picha hizi ni mgongoni mwa bodaboda, na mawingu ya Dar hayana ratiba. Wenye kuweka kioo, kitoeni. Mkishindwa, kipigeni tepu ya karatasi kwa kuvuka kona kwa kona, ili kikipasuka vipande visiikate picha. Plastiki ya kung'aa badala ya kioo ni nzuri, isipokuwa kwa kazi za chaki na mkaa: plastiki hiyo ina umeme wa kuvuta vumbi, na chaki ni vumbi.

Mkipata oda kubwa ya kreti, msikimbilie kwa seremala kabla ya kumuuliza kama mbao zake zimepikwa. Nchi nyingi hazipokei mbao ghafi za kufungia mizigo, kwa hofu ya wadudu. Zinataka mbao zilizopashwa joto hadi nyuzi 56 ndani kabisa kwa dakika 30 na kugongwa muhuri wenye shuke la ngano. Plaiwudi haidaiwi muhuri huo, kwani ilishapikwa kiwandani pamoja na gundi. Nimeshuhudia kreti nzuri ya mbao nzito ikikataliwa, na picha zake zikisubiri ghalani huku watu wakiandikiana barua. Kwenye hati za forodha andikeni wazi: picha iliyochorwa kwa mkono, na namba 9701, ambayo ndiyo ya kazi hizo duniani kote. Ukiandika "pambo" tu, umemwachia ofisa wa forodha akuamulie.

Na mwandikieni anayepokea karatasi moja, ya mistari mitatu. Asifungue mzigo siku ileile kama kuna baridi. Aukalishe ndani ya nyumba siku nzima ukiwa umefungwa. Rangi iliyotoka kwenye baridi kali ni kavu kama kigae, ukiinyoosha inapasuka, na za akriliki ndizo mbaya zaidi. Tena kitu cha baridi kikifunguliwa chumbani kwenye joto hutoka jasho kama chupa ya soda. Mwambieni pia kwamba rangi iko nje kwa makusudi. La sivyo ataikunja upya "vizuri".

Nimefika kwenye fedha, ambako najua ndiko mnakonisubiri. Mtaniuliza nani atalipia gogo, karatasi ya keki, boksi na nusu saa ya kufunga, wakati mteja ameshabana bei mpaka tone la mwisho. Nawajibu kwa mfano wa muuza chipsi. Hajawahi kumuuliza mteja kama amekuja na chombo. Mfuko, kijiti na pilipili vimo ndani ya bei kabla hajakaanga kiazi cha kwanza. Sisi tunataja bei ya picha tupu, tunashushwa elfu kumi na tano za mwisho, na zile tulizoshushwa ndizo zilizokuwa za kufungia. Tajeni bei moja yenye kila kitu, gogo likiwa limesimama pale kibandani mteja analiona. Nimeona wanaonunua ghali: hawanunui kwa sababu twiga wako ni mrefu kuliko wa jirani. Mahali pengine, vibanda kumi vina twiga yuleyule. Wananunua kwa yule aliyewaondolea hofu ya uwanja wa ndege.

Naomba mambo mawili zaidi, kisha niwaache.

Kwanza, tarehe. Nyuma ya kila picha mnaandika jina, wengine na namba ya simu. Ongezeni tarehe ya brashi ya mwisho, ya kweli. Picha ambayo haijatimiza wiki nne isikunjwe. Ikibidi kuondoka, iondoke bapa, uso haujaguswa. Vibandani mziweke zenye tarehe za zamani mbele na mbichi nyuma, kama duka la maziwa linavyofanya. Mteja wa jioni ya mwisho auziwe ya mwezi uliopita. Akishikilia ileile ya leo, mwambieni mtamtumia, na mwoneni atakavyowaheshimu. Wapo watakaoondoka, sikatai. Lakini yule mama wa twiga hakurudi kununua nyingine, na sijui amewasimulia wangapi huko kwao.

Pili, acheni pambizo. Hili ni la fundi fremu na huenda ni la uchoyo wangu, lakini sikilizeni. Mnachora mpaka ukingoni mwa kitambaa. Picha ikishang'olewa na kukunjwa, fundi wa kuiwamba upya hana pa kushikia, kwa hiyo anakunja picha yenyewe nyuma ya mbao, na simba anapoteza mkia. Nimekata mikia mingi. Sentimita 5 za kitambaa kitupu kila upande zinatosha, na gharama yake mkiigawa kwa jora zima ni kitu kidogo sana.

Wazee wetu waliojifunza kwa Tingatinga mwenyewe, na waliounda ushirika mwaka 1990 ili mchoraji asinyonywe, walipigania jina la kazi hii likae. Sasa jina hilo linasafiri ndani ya mabomba tunayofunga kwa rababendi.

Nyuma ya karakana yangu nimeegemeza magogo saba ya mazulia, nimeyapangusa na kuyakata mita moja na robo. Yapo na mabaki ya karatasi ya keki, kama hayajaonwa na mke wangu. Atakayefika kabla ya Ijumaa achukue gogo moja, bure. La pili namuuzia kwa bei ya soda.

Fundi wenu wa fremu
Dar es Salaam